Mapacha Waliopotea Ndani ya Mashine

Mimi siongei. Darasani nikiulizwa swali nasimama, jibu ninalo, lakini mdomo haufunguki mpaka mwalimu achoke na kusema "kaa". Ndiyo maana nilikipenda chumba cha kompyuta. Mle ndani hakuna aliyenisubiri niongee.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo la utawala, shuleni kwetu Kasulu. Kompyuta zilitoka kwenye ofisi zilizofungwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa. Nilipofika kidato cha tatu, mwaka 2014, iliyokuwa bado inawaka ilikuwa moja. Aliyenifundisha kuiandikia programu ni mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo aliyekaa kwetu muhula mmoja tu. Alitumia lugha inayoitwa Ruby, akasema ameichagua kwa sababu inasomeka kama maneno ya mtu. Alipoondoka aliniachia mafunzo ndani ya flashi. Aliniachia na ahadi pia, aliyompa mwalimu wa taaluma bila kuniuliza, kwamba mimi nitaandika programu ya kupanga matokeo.

Mwalimu wa taaluma akaniita ofisini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sasa sikiliza. Mahindi ya chakula yanakuja na sina pa kuyaweka. Matokeo ya mtihani wa moko wa kidato cha nne yakitoka kwenye hiyo mashine yako kabla ya kikao cha wazazi, chumba utabaki nacho. Yasipotoka, mashine inahamia kwa mhasibu na chumba kinakuwa stoo. Tumeelewana?"

Niliitikia kwa kichwa.

Basi nikaandika kama mtu anayekimbizwa. Kusoma alama, kutafuta wastani, kutoa daraja, kupanga watu, vyote nilivisukuma kwenye kifungu kimoja kirefu kama barabara ya kwenda Kibondo. Vitu nilivipa majina ya haraka haraka, x, x2, b. Ruby ilipogoma kwa sababu mtu fulani hakufanya somo fulani, nilitumia amri ya kuiambia imeze kosa iendelee na safari. Nilijiona mjanja.

Wiki ya kikao ilipoanza programu ikafanya kazi mwanzo hadi mwisho. Matokeo yamepangika vizuri hata nikatabasamu peke yangu. Halafu nikahesabu watu. Walikuwa pungufu. Nikahesabu tena, bado pungufu. Na Ruby haikulalamika hata kidogo. Kosa linalopiga kelele ninalimudu. Hili lilikaa kimya, na mimi nikakaa kimya mbele yake, tukatazamana.

Nikaongeza mistari. Wakapungua zaidi. Nikaifuta, nikaongeza mingine. Kila nikipita pale nje niliona chumba kimejaa magunia kabla hata hayajaja. Kwenye shajara yangu jioni ile niliandika hivi: "Naomba umeme ukatike, ili lawama isiwe yangu." Kesho yake mchana ukakatika kweli, mji mzima, na sikufurahi hata kidogo. Niliogopa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa bombani, karatasi ya matokeo niliyoichapisha kabla umeme haujakatika iko mfukoni, nalia. Akanikuta dada mmoja wa kidato cha nne anayelala kitanda cha juu yangu. Ni pacha, wa pili kuzaliwa.

"Mwakeye, fundi," akanisalimia kwa Kiha. "Unalilia nini, mwana wewe? Umeachwa?"

Nikampa karatasi.

"Ehe! Fizikia themanini na moja? Mimi?" Alicheka mpaka ndoo yake ikapinduka. "Acha zako. Hizi ni za yule wa mkondo B. Jina langu, alama zake! Sasa mimi mwenyewe niko wapi?"

Nikasimama pale na maji yananilowesha viatu. Huku kwetu mapacha hawachaguliwi jina. Wa kwanza kutoka ana lake, wa pili ana lake, na ni yale yale kila nyumba. Mtoto wa Kiha hapewi jina la baba nyumbani, ana la kwake. Mbele ya hilo jina la pacha weka jina la ubatizo ambalo kila padri analipenda, unapata wasichana wawili wa nyumba mbili tofauti wenye majina yanayofanana kabisa. Walimu huwatofautisha kwa namba ya mtihani. Programu yangu ilihifadhi alama za kila mtu chini ya jina lake, na Ruby ikikutana na jina lile lile mara ya pili, inafuta alama za kwanza na kuweka mpya. Haimwambii mtu. Mfano wa mwalimu wa mazoezi ulitumia majina, lakini yeye alitoka mbali. Mimi nimezaliwa Kibondo, nina wajomba mapacha, nikanakili tu.

Dawa ilikuwa kutumia namba badala ya jina. Nilidhani ni mstari mmoja. Kumbe jina lilikuwa limetapakaa kwenye kile kifungu kirefu, na umeme hakuna. Ikabidi niandike yote upya kwa kalamu, dada yule amekaa kwenye ngazi za bweni ananisomea kwa sauti.

"Sasa x ni nani? Mchumba wako?"

"Wastani," nikasema.

"Si uandike wastani!"

Nikaandika wastani. Asipoelewa jina, nabadilisha. Kifungu kikimkata pumzi kabla hajafika mwisho, nakigawa viwili. Ile amri ya kumeza makosa nikaitoa, asiyefanya somo aandikwe kwamba hakufanya. Na mwanzoni kabisa nikaandika jaribio, yaani programu ndogo ya kuikagua ile kubwa, jambo ambalo mafunzo ya flashi yalisisitiza na mimi nililiruka nikidhani linanipotezea muda. Wanafunzi wawili, jina moja, namba tofauti. Watoke wawili.

Umeme ulirudi siku moja kabla ya kikao. Nikachapa jaribio kwanza, nikaliendesha kwenye programu ya zamani. Likakataa. Nikachapa programu mpya, nikaendesha tena. Likapita. Dada alikuwa dirishani.

"Nimerudi?"

"Umerudi."

"Na Fizikia?"

"Ishirini na nane."

"Ndiyo mimi huyo!"

Nilichapisha matokeo nikatoka mbio. Lori lilikuwa limeshaegeshwa uwanjani, wavulana wanashusha magunia. Mwalimu wa taaluma alipokea karatasi zangu, akapitisha kidole polepole mpaka akawakuta wale wawili.

"Wote wapo," akasema. "Kazi nzuri, mwanangu. Ila umeme ulipokatika tulikaa walimu tukapanga kwa mkono, tulimaliza jana. Na lori haliwezi kungoja."

"Mwalimu, naomba kona tu," nikasema. "Meza moja. Magunia yakae kote, mimi naomba meza moja."

Akashtuka. "Kumbe una sauti!"

Wavulana wakacheka. Mmoja akadondosha gunia.

"Panya watakula nyaya, mwanangu. Haya, pisha wenzako wapite."

Nilichomoa nyaya mwenyewe, sikutaka wazivute. Mhasibu akaibeba mashine, na programu yangu ikiwa ndani.

Sasa ni likizo, niko Kibondo. Mama ananiona na daftari la Jiografia anafurahi kwamba nasoma. Ndani nimejaza Ruby. Vifungu vifupi, majina yanayoeleweka, jaribio kabla ya kila kifungu. Sijui kama ni sahihi, hakuna cha kunijibu. Chini ya kila jaribio naacha mstari mmoja mtupu, pa kuandika kama limepita.