Maganda ya Nyumba ya Mkwe

Mama yangu alihamia mji wa Kitui akiwa mjane, na jambo la kwanza lililomuudhi ni moshi wa maganda. Kwetu Mbooni, kule vilimani, ganda la ndizi halikupata nafasi ya kukauka. Lililiwa na mbuzi au liliingia shimoni, na kilichotoka shimoni kilirudi shambani. Huku mjini watu waliyachoma pamoja na karatasi nyuma ya nyumba, au waliyatupa korongoni wakingoja lori la baraza la mji, nalo lori lilikuja lilipojisikia. Kaka yangu, fundi wa mawe, ndiye aliyemleta baada ya baba kufariki, ili asikae peke yake mlimani. Alimpa chumba, kitanda na redio. Hazikupita wiki nyingi mama akamwuliza kama amemleta mjini aje afe ameketi.

Kanisa letu lilikuwa na kipande cha ardhi upande wa nyuma, mchanga mtupu ambao hata magugu yaliususia. Mama akakiomba. Akachimba mashimo yake, kisha akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na kyondo, kikapu chake cha kusuka, mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso, vile vile alivyokuwa akibebea mahindi kutoka bondeni. Kaka aliona haya mpaka akabadilisha njia ya kwenda kazini. Mama hakujali hata chembe. Kila nyumba iliyokubali iliweka ndoo au debe mlangoni: maganda, majani ya chai, mboga zilizoharibika. Mifupa hakuitaka kwa sababu mbwa wangefukua. Pakiti za maziwa alizitoa na kuzipanga kizingitini, na mwenye nyumba akaelewa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mke wa mfanyabiashara wa mbuzi, Waislamu waliotoka kaskazini mashariki. Yeye maganda ya viazi na kabichi aliwapa mbuzi wao, kisha akampa mama samadi. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuokoteza, na cha jirani hakikuzidi sana, lakini kwa habari ya mavi ya mbuzi hakuna kilichowashinda kuelezana. Mvua iliponyesha, kile kipande cha mchanga kikatoa sukuma wiki yenye majani mapana ajabu, na kila nyumba ikakuta fungu lake ndani ya ndoo ile ile, ndoo imeoshwa.

Na sisi tulikuwa kwenye mzunguko, ila kwetu palikuwa na shughuli. Kwa Wakamba, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na mama hakanyagi nyumba anamolala mkwewe, hata kama mkwe mwenyewe amesafiri. Jambo hilo huondolewa kwa mbuzi na blanketi anavyoleta mume, siku watu wameketi wakala. Mume wangu, karani wa ofisi ya maji, alikuwa bado hajaleta. Mhubiri alisema madhabahuni kwamba mambo hayo ni ya zamani na ndani ya Kristo sisi sote ni jamaa moja. Mama, aliyekaa nyuma kabisa, alisema amina. Mume wangu, aliyekaa mbele kabisa, alisema amina. Ibada ilipokwisha mmoja akatokea mlango wa kushoto na mwingine wa kulia. Nilikuwa nikiwacheka, na wakati mwingine nilikuwa nikikasirika, kwa sababu nilimtaka mama yangu ndani ya nyumba yangu.

Basi ndoo yangu niliiweka mwenyewe penye ua wa miti, na mama alipofika tulizungumza hapo hapo nje, yeye akichambua maganda kwa vidole. Alikuwa anajua tulichokula jana yake. Akiona ganda la mhogo mara nyingi mno aliniuliza kama mume wangu bado ana kazi.

Mimba mbili zilikuwa zimenitoka. Ya tatu ilipofika mwezi wa sita damu ikaonekana kidogo, na daktari akaniambia nilale, nisiinue hata sufuria. Mama aliambiwa. Alikuja akaketi kwenye jiwe chini ya dirisha la chumba changu, nami nikiwa kitandani upande wa ndani, tukaongea hivyo, ukuta katikati. Aliweza kunipitishia kikombe cha uji kati ya vyuma vya dirisha. Kuingia hakuingia. Nilimwomba siku moja, nikalia kabisa, na yeye akalia, kisha akafuta macho akasema si vizuri kuileta laana ya kuvunja heshima mahali ambapo tayari mtoto anashikilia kwa kidole kimoja.

Kazi ya ndoo ikamwangukia mume wangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mume wangu alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi. Maganda niliyokuwa nikiweka mimi yalikuwa maganda tu, ya mtoto kumpa mama yake. Lakini yeye, mkwe, ampe mama mkwe takataka? Ambaye hajampa hata blanketi? Alisimama jikoni na ndoo mkononi, akashindwa. Hakuniambia, maana alijua ningemcheka. Siku ya kwanza aliweka maganda chini na juu yake ndizi chache nzima, ili zionekane kwanza. Siku iliyofuata akaongeza viazi vikuu vilivyochemshwa. Baadaye nusu mkate. Na kila kitu alikipanga vizuri, akakifunika kwa jani safi la mgomba.

Mimi kitandani sikuona lolote. Nilichoona ni kwamba mama amebadilika. Alikuwa akifika dirishani akiuliza kama ninakula, nami nikajibu ninakula. Akauliza tena. Nikajibu tena, kwa hasira kidogo, kwa sababu kwa kweli nilikuwa nakula kama ng'ombe. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akienda kwa jirani yangu na kumwuliza, na jirani, ambaye naye hakuwa ameniona kwa siku kadhaa, alimjibu kwa ukweli wake: "Mama, huyo mtoto yako sijaona akitoka nje." Mama akajumlisha hayo na chakula kizima ndani ya ndoo. Akaamini ninapelekewa sahani na kuirudisha, na kwamba tunamficha hali yangu.

Jumamosi moja asubuhi alifungua lile jani la mgomba akakuta mlo mzima: githeri ya mahindi na maharagwe, nyama, ndizi mbivu. Aliniita dirishani. Nilikuwa nimelala usingizi mzito, sikusikia. Aliita mara nyingine, na tena.

Nilichoamshwa nacho ni kishindo cha mlango. Mume wangu alikuwa sebuleni akipiga shati pasi, kifua wazi. Nilimsikia akisema "Mwaitu," neno tunalomwitia mama, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, kisha nikasikia pasi ikianguka. Yeye alijifunika uso kwa lile shati akatokea mlango wa jikoni. Mama alimpita kama hamwoni. Aliingia chumbani, kyondo bado mgongoni, akaniondolea shuka, akaweka viganja vyote viwili tumboni mwangu, akangoja. Mtoto alipiga teke. Mama akakaa chini sakafuni.

"Nilidhani nitakuta kitanda kitupu," alisema.

Ilituchukua muda kuelewana. Nilipomwuliza ni chakula gani anachosema, akaniambia, nikamwita mume wangu, naye akaeleza akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, akijikwaa kwenye maneno. Alisema hakuweza kumpa maganda. Mama alicheka mpaka akashika ubavu, halafu kicheko kikageuka kilio, na mimi nikampapasa kichwa kama mtoto wangu. Ndizi zote zile, alisema, alikuwa amezizika shimoni bila kuonja, kwa kuwa aliona ni chakula cha mgonjwa.

Kwa kuwa ameshaingia, alisema, hatatoka, ili asije akaingia mara ya pili. Akabaki. Mwaka ule ulikuwa wa kiangazi na mbuzi walikuwa mifupa mitupu. Mume wa jirani alisema ni aibu kumpa mama mkwe mbuzi wa namna ile, tungoje mvua. Kwa hiyo heshima iliendelea ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Mume wangu alilala jikoni. Alikohoa kabla ya kupita, na mama aligeukia ukuta. Mahitaji yao yote yalipitia kwangu, na ndoo ya maganda, ambayo sasa ilikuwa na maganda tu, mume wangu aliiacha nje ya pazia la mlango wa chumba akakimbia. Usiku mama alilala sakafuni kando ya kitanda changu akiwa amenishika mguu.

Mtoto alikuja kabla ya hesabu ya daktari, asubuhi, haraka, mume wangu akiwa amekwenda kutafuta gari. Aliporudi mtoto alishalia. Ni mimi ambaye sikuwa sawa. Damu ilikuwa nyingi, na mama alihitaji mikono yake yote miwili. Alimwita. Mume wangu akasimama upande wa pili wa pazia, asiingie.

"Mwaitu, mbuzi bado," alisema.

"Mbuzi ataletwa. Njoo umshike mwanao, nimsaidie wangu."

Aliingia akiwa ametazama sakafu. Lakini mtu hawezi kupokea kichanga akitazama sakafu. Akainua macho, akamwangalia mama yangu usoni kwa mara ya kwanza tangu anioe, na mikono yao ikakutana chini ya mgongo wa binti yangu.