Mzungu Aliyewaacha Ngamia na Kiu

Nilipotaka kuoa nilikuwa na mababu wanne tu. Kwetu, kando ya mto karibu na Masalani, wanne wanatosha. Mtu akifika kwa wa tano huanza kukohoa, na wasikilizaji wenye adabu humletea maji. Lakini mimi nilikuwa nimempenda binti wa mzee mmoja wa Kisomali, na mzee huyo alikuwa akianza kutaja mababu zake chai inapotengwa, na chai ikipoa bado hajafika katikati. Kila nilipomwendea kuposa aliniuliza, "Baba ya baba ya baba yako nani?" Nikimjibu, anauliza tena. Ukingo wa ukoo wangu tulikuwa tukiufikia upesi mno, kisha tunabaki kutazamana.

Hiyo ilikuwa Garissa ya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, yenye maduka machache, ofisi za serikali, askari wa vilemba vyekundu, na joto ambalo sitalieleza kwa kuwa mwenye kulijua analijua. Mimi nilikuwa mkalimani wa bwana wa mifugo. Ukalimani, kama nilivyoufanya, ni kupokea maneno ya moto upande huu na kuyafikisha upande ule yakiwa yamepoa. Mzee yule alinisemesha kwa Kiswahili kila mara, akidai Kisomali changu kinamuumiza meno. Kiswahili chake chenyewe kilikuwa kikitembea kwa mguu mmoja, p ikigeuka b na z ikigeuka s, lakini nani amwambie hivyo mtu anayetaka kuwa mkwe wake?

Binti aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Mimi, mtoto wa ndizi na samaki, niliyanywa kila asubuhi mbele yake, na kila asubuhi tumbo langu lilifanya uasi. Yeye alijua. "Kunywa, mtu wa mto," aliniambia bila hata kutabasamu. "Mapenzi hayakai moyoni peke yake."

Sasa, mke wa bwana wa mifugo alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na sanduku la bati lililojaa santuri. Joto la Garissa lilikuwa likizikunja santuri zile kama chapati, kwa hiyo memsahibu alilifunika sanduku kwa magunia mabichi na kuyamwagilia asubuhi na jioni, kama mtu mwenye bustani ya mchicha. Akaamua kwamba watu wa mji ni lazima waujue muziki mkubwa wa Ulaya na maisha ya walioutunga. Mara moja kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, watu walikaribishwa barazani kwake, yeye akisoma kutoka kitabu kinene chenye picha, mimi nikifasiri. Palikuwa na chai yenye sukari nyingi. Sijawahi kujidanganya kuhusu kilichowaleta watu mara ya kwanza.

Lakini walirudi, na si kwa chai tu. Wale ni watu wa mashairi. Kwao shairi halisomwi kabla ya kutajwa aliyelitunga, ni wa ukoo gani, na alikuwa akigombana na nani. Mambo ya memsahibu yaliwaingia mara moja. Yule mtunzi mwenye watoto ishirini walimpenda kuliko wote. Walisema mashallah, wakaomba santuri yake irudiwe, na mmoja akatamka kwamba hata bila kuambiwa alikuwa amesikia kelele za watoto mle ndani. Yule aliyepigia wafalme kinanda tangu utotoni waliuliza mbuzi wa nyumbani kwao walichungwa na nani. Yule kiziwi aliwagawa vipande viwili, nusu wakisema ni uongo, nusu wakisema mtu asiyesikia upuuzi wa watu ndiye anayeweza kutunga. Na kwa kila mmoja waliuliza, "Alikuwa akimjibu nani?" Memsahibu alipowaambia hakuwa akimjibu mtu yeyote, waliona huruma. Kuimba kirefu namna ile, na hakuna hata mmoja aliyekuchokoza!

Mzee wangu hakuwa akija. Alisema wimbo usio na maneno ni kama chombo cha maziwa kisicho na maziwa. Lakini siku moja alikuja, akakaa mbele, akafumba macho. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mtunzi mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani, aliyekufa kijana. Memsahibu alizungusha mpini. Kila santuri ilipofika mwisho aliigeuza, na wazee wakaitikia "Haye!" kama wanavyoitikia ubeti. Wimbo ulianzia chini kabisa, kama mtu anayesema na nafsi yake, kisha ukapanda. Nilimwona mzee akitikisa kichwa polepole. Moyo wangu ulifurahi, maana mtu aliyelainika ndiye wa kuposea.

Kisha memsahibu akafunga gramafoni.

Mzee akafumbua macho. "Mbona nafunga? Wimbo bado."

Nilifasiri. Memsahibu akaeleza kwa sauti ya msiba kwamba wimbo haukuwa na mwisho. Mtunzi aliutunga nusu, akauacha, akaenda kutunga mwingine.

Baraza lilichafuka. Watu walisimama na vikombe mkononi. Mzee aliwanyamazisha, akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyeuacha.

"Sikia," alisema. "Kwa kisima ya kwetu mtu tatu nasimama ndani, moja juu ya mwingine. Ndoo nakuja juu kwa wimbo. Wimbo ikikatika, mkono nakosa mkono, ndoo naanguka kwa kichwa ya mtu ya chini. Na ngamia nabaki na shingo chini, nangoja. Wimbo hakatwi mbaka ngamia ya mwisho nainua kichwa. Sasa huyu mtu ya miwani naacha katikati. Nani nabea ngamia yake maji?"

"Amesema nini?" memsahibu aliuliza.

"Anasema ameguswa sana," nilimjibu. "Anaulizia mwisho."

Memsahibu akatoa leso, akajifuta macho.

Kesho yake mzee alinikuta ofisini. Hakuwa amelala, alisema, na kwa macho yake niliamini. Alitaka sababu. Mtu mwenye akili hawezi kuacha wimbo mzuri hivyo bila sababu. Basi nikawa tarishi wa jambo hilo, nikienda kwa memsahibu kuuliza na kurudi kwa mzee barazani penye duka la nguo, ambako alikuwa na jiwe lake la kukalia. Jibu la kwanza la memsahibu lilikuwa kwamba mtunzi aliugua.

"Baada ya kuugua alitunga ingine?"

"Alitunga nyingi."

"Mgonjwa gani hiyo," mzee akasema, akatema.

Jibu la pili ndilo lililoharibu mambo. Kitabu kilisema mtunzi alimkabidhi rafiki yake karatasi za wimbo ule, na rafiki akazifungia kabatini, akakaa nazo mpaka mtunzi akafa na yeye mwenyewe akazeeka. Mzee aliposikia alisimama, akawaita watu waliokuwa ndani ya duka, na kesi ikasikilizwa pale pale. Rafiki alipatikana na hatia ya kuficha amana. Kilichobishaniwa ni alipe ngamia wangapi na wapewe nani, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto.

"Mke yake nabokea," mzee alisema.

"Hakuwa na mke, adeer," nilisema, nikimwita ami kwa lugha yake.

Mwenye duka aliacha kupima kitambaa. "Kwa nini?" mzee aliuliza.

Mungu anajua sikuongeza kitu, ni kitabu kilichosema. "Alimpenda msichana," nilieleza. "Lakini hakuwa na mali wala makazi, alikuwa akilala kwa marafiki. Hawakumwoza." Nikasogea karibu na jiwe lake. "Akafa bila mke, na wimbo ukabaki vile. Huenda mtu akinyimwa mke hukosa pa kumalizia jambo."

Watu wote dukani walimgeukia mzee. Habari za posa yangu zilijulikana mpaka Balambala. Mzee alizishika ndevu zake nyekundu za hina, akanitazama.

"Wewe mtu ya mto," alisema, "mdomo yako refu kuliko ukoo yako." Watu wakacheka. "Fisuri. Njoo kwa kisima. Simama ndani, imba mbaka ngamia ya mwisho. Ukimalisa, tunaongea. Ukikata katikati, rudi kwenu, banda ndisi."

Binti alinifundisha nyimbo za kisima sokoni, kwa kunong'ona, akigonga mdundo kwenye chombo cha maziwa huku akiwauzia wengine. "Sauti yako nzuri," aliniambia. "Ngamia watakunywa haraka ili waondoke." Lakini siku ya mwisho hakutania. Alitazama upande wa mto akasema, "Ukikata, baba atanioza kwa yule binamu yake wa Wajir. Ana meno mawili, na yote mawili hayapatani. Mimi simtaki." Kisha akasema, taratibu zaidi, "Nakutaka wewe." Nililipia maziwa nikasahau kuyachukua.

Safari ya chanjo ilitupeleka upande ule wa visima, nikashuka kwenye lori la ofisi nikiwa na viatu vya karani. Walinivua viatu, wakanishusha, wakaniweka mtu wa katikati. Chini yangu alikuwepo jamaa aliyesimama ndani ya maji, juu yangu mwingine, na juu yake duara la mbingu lenye ndevu za mzee. Ndoo za ngozi zikaanza kupanda. Nikaimba alichonifundisha binti, wenzangu wakapokea, na kwa muda mambo yalikwenda hata nikajiona nimezaliwa mle ndani.

Tatizo lilikuwa ngamia. Kila niliposikia wamekwisha, walikuja wengine. Baadaye nilijua kwamba mzee alikuwa amewaita na ngamia wa majirani, kwa ukarimu wake. Viganja vilichubuka. Beti nilizofundishwa zilikwisha, nikazirudia zikachakaa, na jamaa wa chini akalalamika kwamba ngamia yule yule amesifiwa mara kumi. Ndipo, kwa kukosa la kusema, nikaanza kuwaimba watunzi wa memsahibu kwa mdundo wa kisima. Nilimwimba baba wa watoto ishirini, ambaye hata kinanda chake kilizaa. Nilimwimba kiziwi aliyewasikia ngamia kwa nyayo za miguu. Nilimwimba mtoto aliyewapigia wafalme kinanda, ambaye mbuzi wake hadi leo hawajarudi zizini. Jamaa wa chini alicheka mpaka akanywa maji ya ngamia. Huko juu walikuwa wakipiga kelele, "Haye! Nani tena? Taja mwingine!" Nikataja. Nadhani hakuna kisima duniani kilichowahi kuwapata wageni wale.

Mwisho nikafika kwa mtu wa miwani. Nikavuta pumzi, nikaanza ubeti wake, na sauti ikakatika. Nilijaribu tena, ikatoka hewa tupu. Wenzangu walibaki wananingojea. Ndoo ikakosa mkono, ikaanguka, na jamaa wa chini akamtaja mama yangu. Nilisikia kule juu ngamia mmoja akilamba birika kavu la kunyweshea.

Nilitazama juu. Nilijua kwamba yamekwisha, na niliumia kuliko nilivyowahi kuumia maishani. Niliyaona yale meno mawili ya Wajir waziwazi kabisa.

Mzee alikuwa ameinama juu ya kisima. Alimtazama ngamia, akanitazama mimi, akamtazama ngamia. Mdomo wake ulikuwa ukihangaika wenyewe, kama wa mtu anayezuia chafya. Halafu akashindwa. Aliimba. Aliuchukua ubeti wa mtu wa miwani pale pale ulipokatikia, kwa sauti mbovu kuliko yangu, akampa ukoo, akampa mababu kutoka sijui wapi, akampa kisima na ngamia wa kila rangi, na sisi mikono ikakutana tena, ndoo zikapanda, mpaka ngamia wa mwisho akainua kichwa.

Walipokuwa wakinivuta juu, mabishano yalikuwa yameshaanza. "Umempokea," wanaume walimwambia mzee. "Mgeni wimbo wake huachwa ukaanguka. Unayempokea ni mtu wako. Umempokea mbele yetu sote."

"Mimi nabokea ngamia! Si yeye!"

"Wimbo ulikuwa wa nani?"

Kwa hasira mzee akaanza kutaja mahari saa hiyo hiyo. Alikuwa ameng'amua kwamba mkalimani hana sauti. Alitaja ngamia, nikatikisa kichwa kukubali. Akaongeza, nikatikisa. Jamaa wa kisimani walinionea huruma wakabishana naye kwa niaba yangu mpaka akapunguza ndama mmoja.

Walipotawanyika, mzee alikuja akakaa karibu nami juu ya mawe. Hakunitazama.

"Ile mtu ya miwani," alisema. "Alikuwa ndani, chini. Sauti nakwisha. Naangalia juu." Akaonyesha mdomo wa kisima. "Juu hakuna mtu."

Nilitaka kumjibu. Badala ya sauti yalitoka machozi, mengi, nami sikuyafuta. Mzee akageukia upande wa ngamia, akaanza kuwahesabu kwa sauti kubwa, akikosea.