Siku Nilipobadilisha Kawa za Wageni wa China

Kucheka mtacheka, najua, hata mimi siku hizi nacheka kidogo, lakini kwa miaka mingi mtu akitaja Wachina mbele yangu nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba nimeacha kitu jikoni.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tupate Uhuru, Mwami, mfalme wetu, bado yuko, na sisi mtaa wa Waswahili hapa Rumonge tukaambiwa wanakuja wakubwa wawili kutoka jimbo moja la China, gavana wa jimbo na mkuu wa chama wa jimbo hilohilo, watatazama mpunga na michikichi, kisha watakula chakula cha mchana kwetu. Kwetu, yaani kwa mume wangu, Baba Zaina, maana alikuwa karani na Kifaransa anakijua, yeye ndiye aliyeitwa Bujumbura kuelezwa mambo ya mapokezi.

Nyumba yetu ilikuwa na wake wawili. Mimi wa kwanza, miaka kumi na minne ya ndoa, na Mwajuma, wa juzi tu, mwenye shingo ndefu na sauti ya taratibu (sauti iliniudhi kuliko shingo). Sitaficha, nilimwonea wivu mpaka namna anavyokunja nguo.

Baba Zaina aliporudi akatuita sote wawili. “Mama Zaina, wewe utapikia mukubwa wa chama. Mwajuma atapikia gavana. Musiniulize mingi, iko vile.”

Gavana kwa Mwajuma. Jamani, sisi tuliokua wakati wa Mbelgiji gavana tulimjua, akipita barabara inafagiliwa mpaka Muhuta na watoto wa shule wanasimamishwa juani. Watu wa chama nao tuliwajua, ni hawa wa kutugawia kadi na kutuimbisha. Nikaona nimeshushwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikaenda sokoni nikanunua samaki, sangala ambaye mkia wake ulitokeza nje ya kapu, na mafuta ya mawese ya Kizuka, mazito, mekundu, nikapika kwa hasira, na chakula cha hasira, niwaambie, kinaiva vizuri sana.

Masinia yalikuwa mawili, langu la sangala limefunikwa kwa kawa nyekundu, la Mwajuma, la samaki mukeke, kwa kawa nyeupe, na wasichana wa kuandaa walishaambiwa nyekundu kwa mkuu wa chama, nyeupe kwa gavana. Mwajuma akatoka kuchota maji. Nikabadilisha kawa. Ni hilo tu nililofanya.

Nikajifunga kitenge kipya nikaenda kusimama pembeni nione gavana anavyofurahia sangala wangu. Wageni walivaa koti moja, rangi moja, bwana na dereva huwezi kuwatofautisha. Gavana alikuwa yule mrefu, aliyewekewa kawa nyeupe. Lakini naona gavana mwenyewe anamvutia kiti mwenzake mfupi, mfupi anaongea na gavana anaandika kwenye kidaftari, chakula kimefunuliwa na gavana hagusi mpaka yule mfupi aonje. Nikamuuliza jirani yangu, Mama Asha, yule ni nani.

“Mukubwa wa chama. Hujui? Kule kwao chama ndiyo inamutuma gavana. Baba Zaina alielezea wanaume, bwana yangu akanielezea.”

Kumbe mkubwa nilipewa mimi, na nimemchukua kwa mikono yangu nikamkabidhi Mwajuma.

Hapo ningenyamaza, yangekwisha. Lakini wivu haukunipa nafasi, nikashika bakuli kana kwamba naongeza mchuzi, nikapita katikati ya wakubwa, nikakamata sinia langu mbele ya gavana wa watu, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni, nikasema “pardon”, nikavuta nilipeleke kwa yule mfupi. Gavana, kwa adabu yake, akadhani ananisaidia, naye akavuta (tukavutana hivyo, chini ya bendera mbili), sinia likapinduka na mawese yote yakamwagikia koti la yule mkubwa mfupi, kuanzia kola mpaka magotini.

Ngoma za mapokezi zikasimama. Mkalimani akauliza huyu mama ni nani. Baba Zaina alikuwa na karatasi ya hotuba mkononi, alishaiandika, masikini, akaisoma tu kama ilivyo: “Huyu ni muke wangu mukubwa. Kwa sababu wewe ndiye mukubwa wa wageni, nilimuchagua yeye akupikie.”

Yule Mchina akapangusa koti, akaonyesha kwa kidole mukeke aliyebaki mbele yake, akaniinamia akasema neno pekee la Kirundi alilofundishwa, “Murakoze,” yaani asante. Watu wakapiga makofi. Na mukeke si wangu, mtaa mzima uliniona asubuhi na sangala.

“Huyo amepikwa na Mwajuma,” nikasema.

Basi Mwajuma akaitwa mbele, akavishwa beji nyekundu kifuani, na mimi nikabaki nimeshika sinia tupu.

Koti nililifua mara tatu, halikutakata. Tangu siku ile nimeapa, nikipewa kazi naifanya hiyohiyo, hata ingekuwa kumpikia dereva, na cha mwenzangu sikichungulii. Wageni walipoondoka nilimuuliza Baba Zaina kwa nini hakuniambia yupi ni mkubwa.

“Ningekuambia, Mwajuma angekosa amani mwezi muzima. Nilizani wewe unajua, hata bila kuambiwa, kama siwezi kukuweka wa pili.”

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu siku Mwajuma alipoletwa, nikaja kuyasikia siku ambayo sikuwa na uso wa kuyafurahia.