Mikono Inayomwosha Celina

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Kanja, Embu. Nelius anasugua vidole kwa sabuni na brashi ya nguo. Ni mchuma chai, na utomvu wa majani umeacha weusi usiotaka kutoka. Anasugua hadi ngozi inamwasha, maana mikono hiyo hiyo ndiyo inayomwosha dada yake.

Dada ni Celina, miaka arobaini na sita. Saratani ilimnyang'anya titi la kushoto mwaka juzi. Wiki mbili zilizopita, madaktari mjini Meru walimtengenezea jingine kwa nyama ya tumbo lake. Mkono hauinuki, na kidonda hakitakiwi kuloa. Anapanguswa kwa kitambaa shingoni, kwapani, mgongoni. Kisha Nelius anamwaga majimaji yaliyojikusanya kwenye vichupa vya mirija inayotoka kidondani na kuandika kipimo.

"Nimechoka, sitakudanganya," asema. "Nilikuwa nachuma kilo thelathini kwa siku. Siku hizi, kilo kumi na mbili zikifika, namshukuru Mungu."

Kinachomtafuna zaidi ni kosa lake mwenyewe. Alipoona mshono tumboni, alifanya kama wanawake wa hapa wamfanyiavyo aliyejifungua: akachemsha maji, akamkanda kwa taulo la moto kuanzia kifuani. Celina alitulia tuli. Titi jipya halina hisia, na hakuna kati yao aliyelijua hilo. Kufika jioni, lilikuwa limetoka malengelenge.

"Woi! Nililia kumshinda mgonjwa. Nikamwambia atafute mtu mwingine. Akanitupia kitambaa, akaniambia, 'Nani mwingine? Wacha maneno, Nelius. Nioshe, nanuka jasho.'"

Tangu siku hiyo huyapima maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga. Yeye ndiye anayesikia joto kwa niaba ya dada yake. Alhamisi wanarudi Meru. Ngozi ya titi ikiwa hai, mirija itatolewa. Ikiwa imekufa, Celina atapasuliwa tena. Nelius amekonda kwa kuhesabu siku hadi Alhamisi hiyo.

Hataki asante ya mtu. Ukimuuliza anatamani nini, anakamua kitambaa kwanza.

"Natamani nimpelekee ndoo bafuni, anifungie mlango usoni. Aseme, 'Kwani huna kazi? Nenda kwenye chai yako.' Nitasimama hapo nje kidogo tu, nisikie akijimwagia maji. Halafu niende."