Siku Mtani Alipokosa Jibu

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea huku mlimani juu ya Kilakala, na tangu nikiwa mdogo naamka kwa kumsikia anatukanwa. Anayemtukana ni mzee jirani, mtani wetu, maana ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu zamani. Hupita kando ya shamba letu akienda kukata majani ya mbuzi, na hapiti bila kurusha neno. Mama mkubwa naye hajawahi kuliacha neno lianguke chini.

Asubuhi ile ilianza hivyohivyo.

"We kizee, bado upo tu? Nimeshawaambia watu wanoe majembe."

"Nitakufaje," akajibu bila kuinua kichwa kwenye matuta, "na jeneza langu utalibeba wewe, mwenye mgongo uliopinda kama mundu?"

Mzee akacheka, akapanda zake. Kengele ya kuingia darasani ya shule ya wasichana ikalia kule chini, nami nikabeba karoti kwenda kuziosha kijitoni. Mimi nikishika maji tu, ndoto zinaanza. Siku hiyo nilikuwa najenga kamba ya chuma ya kushushia mboga kutoka mlimani mpaka sokoni mjini, nami nimekaa juu ya kabichi nawapungia watu mkono.

Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia punde tu mzee aliposhuka hadi kijitoni na mzigo wake wa majani, uso unang'aa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo mama yako nimemshinda. Nimemwambia karoti zake zimefanana na vidole vya miguu yake. Kaniangalia tu. Kimya."

Nilicheka. Halafu kicheko kikaisha chenyewe. Mzee akanitazama, nami nikaona ule ushindi unamtoka usoni kidogo kidogo. Mama mkubwa hana siku ya kukosa jibu. Mzee akautupa mzigo, tukakimbia.

Tulimkuta ameketi kati ya matuta, ameegemea ndoo. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, na mkono wa kulia umelala kwenye udongo kama si wake. Alijaribu kusema, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake.

Vijana wa jirani wakaja na miti na blanketi, wakafunga machela. Mzee akashika mbele na akakataa kupokewa. Njiani watu walisimama pembeni na kuvua kofia, kwa sababu huku kwetu ukiona mtani amebeba mtu, unajua ni msiba. Hatukuwa na pumzi ya kuwaeleza. Barabara ya magari ilipoanzia tukapata bajaji.

Hospitalini nilitoa chupa yangu ya chai ya sukari nimnyweshe. Nesi akanishika mkono taratibu.

"Usimpe kitu, mdogo wangu. Koo likilegea, chai inaingia mapafuni. Wapo wanaopona kiharusi halafu kifua kikawamaliza."

Daktari alikuwa dada kijana, mwembamba, anayeongea haraka. "Mara ya mwisho kuonekana mzima ni lini?"

"Asubuhi," nikasema.

"Asubuhi ni ndefu. Kuna dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini ina saa zake chache. Zikishapita, inaweza kuua badala ya kuponya. Kama hatujui ilianza lini, siwezi kumpa."

Basi maneno yote ya mama mkubwa, Kiluguru chake, nyimbo zake za kupalilia, yalikuwa yananing'inia kwenye swali lile. Mimi sikujua. Nilikuwa kijitoni na kamba yangu ya chuma.

"Nilipopanda alinijibu," mzee akasema. "Niliposhuka hakunijibu."

"Alikujibu nini?"

Mzee akatazama miguu yake. "Mambo ya utani, daktari."

"Yaseme."

Akayasema, jeneza, mgongo na mundu. Daktari hakucheka. "Maneno yalinyooka?"

"Yalinyooka mpaka yakanichoma."

Nami hapo nikakumbuka kengele mbili za shule, ya kuingia darasani akipanda, ya mapumziko akishuka, nikamtajia saa zake. Daktari akahesabu kichwani. "Bado tuna muda," akasema.

Wakampitisha kwenye mashine kubwa ya duara, na daktari akanionyesha picha. Nimeishia kidato cha pili, lakini sidhani hata waliosoma sana wanazoea kitu kile. Kichwa cha mama mkubwa kilikuwa kimekatwa vipande kama mkate, bila kisu, na yeye amelala pale mzima. Hakuna damu iliyomwagika, daktari akasema, kwa hiyo ni mshipa ulioziba. Lakini dawa ina hatari yake, akataka ruhusa ya ndugu; nikampigia mjomba, mkubwa wa ukoo. Akasema wampe. Dawa yenyewe ilikuwa kama maji tu, inashuka polepole kwenye mrija, nami nimeikodolea macho kama mtu anayetazama mvua ya kwanza.

Tukingoja, daktari akaniambia kwamba wanafanya utafiti wa wagonjwa wa kiharusi wanaowahi kufika, akaomba ruhusa ya kumwingiza. Huwa wanauliza nani aligundua kwanza. "Mke, mume, mtoto," akasema. "Mtani sijawahi kuandika."

Jioni, jua likiwa bado kwenye dirisha, akamwita mzee kitandani. "Mtanie."

"Siwezi, daktari. Mgonjwa huyu."

"Ni kipimo."

Mzee akavua kofia. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba dua: "We kizee. Karoti zako zimefanana na vidole vya miguu yako."

Daktari alikuwa anautazama mdomo. Nami nikautazama. Upande wa kushoto ulisogea kwanza. Kisha ule wa kulia, uliokuwa umelala siku nzima, ukatetemeka na kupanda kuufuata mwenzake.

"Mundu," mama mkubwa akasema. Neno moja, zito, limetoka kwa shida.

Mzee akageukia ukutani, kofia ameibana kifuani.

"Kanishinda," akasema.