Mikono Isiyomgusa Mkwe

Samwel alipohamia Mgololo alisema anafuata kazi ya kiwanda cha karatasi. Kazi aliipata kweli, na pamoja na kazi akapata mwanamke wa kumpikia, na tangu hapo karatasi zote za Mgololo hazikutosha kumwandikia mkewe mstari mmoja. Alichukua redio, akachukua godoro jipya, akamwachia mkewe baba yake mzazi.

Mke huyo ni Veronika, Mbena wa Nyololo aliyeolewa kwa Wanyakyusa wa Iyunga, Mbeya. Majirani wanamwita Mama Regina, kwa jina la binti yake ambaye naye ameshaolewa.

Sasa, baba mkwe kwa Wanyakyusa wa zamani si mtu wa kuzoeana naye. Mke wa mwana hamtazami usoni, hataji jina lake, hakatizi mbele yake, na habari ya kumgusa ndiyo usiseme kabisa. Siku hizi wengi wameacha. Wapo wakwe wanaokaa kochi moja na wake za wana wao wakitazama mpira. Lakini Mzee Anyitike, baba yake Samwel, hakuacha, na Veronika, kwa kuwa hakuzaliwa ndani ya mila hiyo, aliishika kuliko wenyewe, kama mtu aliyebatizwa ukubwani anavyoimba kuwashinda wanakwaya.

Basi waliishi kiwanja kimoja, mama nyumba kubwa, mzee chumba cha uani, na mazungumzo yao yalikuwa kukohoa. Veronika akiweka chakula kwenye kigoda mlangoni, alikohoa na kuondoka. Mzee alikohoa kujibu. Kilikuwepo kikohozi cha asante, na kilikuwepo kikohozi cha chumvi imezidi. Jambo likiwa kubwa zaidi, mzee alimwambia mbwa, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Wewe Simba, mwambie mama Regina paa linavuja."

Kisha magoti ya mzee yakavimba. Hospitali walimpa vidonge na dawa ya kuchua, wakasema achuliwe asubuhi na jioni. Aliyekuwa akimchua ni rafiki yake wa rika, Sosthenes, mpaka naye alipochukuliwa na binti yake kwenda Tukuyu. Akaletwa kijana wa jirani. Mzee akamfukuza kwa kuwa mikono yake ilinuka dagaa. Tangu hapo dawa ikakaa dirishani, na mzee akawa anakwenda chooni kwa kushika ukuta.

Habari zikafika Mgololo. Samwel, ambaye simu yake haikupatikana karo ya Regina ilipotakiwa, sasa ikapatikana.

"Baada ya Pasaka nakuja na gari kumchukua baba," alisema. "Huku yupo mtu wa kumchua. Mwenzio hana mambo ya kukohoa-kohoa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ya baba hiyo. Baba akiondoka, nitatafuta mpangaji."

Veronika alikata simu, akaketi juu ya ndoo. Kumbe uzeeni atafukuzwa kwa sababu ya adabu. Yule mwanamke alimchukua mume, na sasa atachukua mkwe na nyumba, kwa kuwa tu hana aibu ya kushika magoti ya watu.

Katika nyumba ya wageni anakofanya usafi, Veronika alikuwa amewahi kuona kitu. Mgeni mmoja wa kike alimtuliza mpishi aliyekuwa akiumwa kichwa. Aliinyoosha tu mikono juu ya kichwa chake, akakaa kimya, na baadaye mpishi akasema amejisikia mwepesi. Wakaambiwa inaitwa reiki, imetoka Japani, na watu hujifunza. Wengine walishangaa mpishi kusinzia kitini. Veronika alishangaa kitu kimoja: yule mgeni hakumgusa.

Usiku ule ule alimgongea jirani yake Tumpe.

"Nataka kusoma," akasema.

"Ungeanza na alfabeti, dada," Tumpe akamjibu. Alipokwisha kucheka na kusikia habari yote, akawa mwema. "Ila mwalimu usimchague kwa macho. Mwalimu ni kama mbegu ya viazi. Ukiona imeoshwa ikang'aa, jua kuna ugonjwa umefichwa."

Mwalimu wa kwanza hakuwa mbali. Alikuwa hapo hapo Iyunga, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya simu, na Tumpe akamsindikiza Veronika. Anaitwa Abrahamu, na ukutani pake palikuwa na vyeti vingi kuliko viti.

"Jumamosi na Jumapili tu, mama," alisema. "Unatoka na madaraja yote matatu."

"Mikono inagusa au haigusi?"

"Inagusa mpaka moyo!"

"Moyo uache. Nauliza goti."

"Utakavyo wewe. Ya kugusa, ya kutogusa, hata ya mbali. Mgonjwa yupo Ulaya, wewe upo hapa unakaanga ndizi, naye anapona."

Hapo Veronika alisogeza kiti. Ya mbali! Mzee atakaa chumbani, yeye atakaa jikoni, na adabu itabaki mahali pake. Alikuwa karibu kusema ndiyo, ila mbegu ya viazi ikamkaa kooni.

"Na vidonge vyake vya hospitali?"

"Atupe. Vya nini tena?"

"Wewe ulifundishwa na nani?"

Abrahamu alitazama juu. "Mimi sikufundishwa, mama. Nilioteshwa."

Tumpe akasimama na kujifunga khanga vizuri. "Basi na sisi twende tukalale, dada. Labda tutaoteshwa tukiwa kwetu."

Mwalimu wa pili alikuwa Iringa mjini. Veronika aliomba ruhusa kazini, akalala Nyololo kwa dada yake, na kesho yake akafika Kihesa kwa mama mmoja anayeitwa Tekla, mkunga mstaafu. Ukutani kwake palikuwa na kalenda ya parokia tu. Wakasalimiana "kamwene," na Veronika akatulia kidogo kusikia salamu ya kwao.

"Naanza na daraja la kwanza," Tekla akaeleza. "Unajifunza, unakwenda kwako, unajiwekea mikono mwenyewe wiki kadhaa, ndipo unarudi tuongee. Aliyenifundisha yupo Moshi, nitakupa namba yake umwulize habari zangu. Na hii haimwachishi mtu hospitali. Anayekuambia inaponya kila kitu, mkimbie."

"Nimeshamkimbia," alisema Veronika. "Sasa, ile ya mbali?"

"Hiyo ni daraja la pili."

"Siwezi kuanzia hapo hapo la pili?"

"Nani alizaa mjukuu kabla ya mtoto? Kwanza hiyo ya mbali unaikimbilia nini?"

Veronika akasimulia mkwe, kukohoa, mbwa, na gari la baada ya Pasaka. Tekla alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga.

"Haya. Na mzee mwenyewe anasemaje?"

"Aseme wapi, mama? Si nimekwambia hatusemezani?"

"Basi bado sijakupokea. Kwangu kanuni ya kwanza ni hii: mikono haimwendei asiyeitaka, iwe ya karibu au ya mbali. Rudi kamwulize. Akikubali, njoo. Akikataa, njoo vilevile ujifunze kwa ajili yako, maana naona na wewe una mzigo."

"Yaani nimetoka Mbeya mpaka hapa kuambiwa nikamwulize mtu ninayeishi naye?"

"Ndiyo. Nawe ungekuwa umemwuliza, usingetoka Mbeya."

Njia nzima ya kurudi Veronika alimnunia mwalimu huyo. Yule wa ghorofani alikuwa mwongo, lakini angalau hakumtuma kwenye jambo gumu. Huyu mkweli alimtaka afanye kile ambacho safari yote ilikuwa ya kukikwepa.

Jioni aliweka chakula kwenye kigoda, akakohoa, asiondoke. Mzee alikohoa. Veronika akajitanda khanga, akampa mgongo, akaitazama migomba.

"Baba," akasema.

Ndani kijiko kilisimama. Mzee aliita, "Simba!" Akaita tena. Lakini mbwa alikuwa kwenye mizunguko yake, na ikambidi mzee atumie kinywa chake mwenyewe.

"Nakusikia."

"Kuna elimu ya mikono isiyogusa. Nimeitafutia mwalimu mpaka Iringa, kwa ajili ya magoti. Ameniambia nikuulize kama unataka."

Mzee akauliza: "Umekwenda Iringa kutafuta namna ya kutonigusa?"

"Ndiyo, baba."

"Na kule Mgololo yupo wa kunishika bila kuniuliza."

"Ndivyo Samwel anavyosema."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Katika ukoo wetu mwiko huu mkwe anaweza kuufungua. Baba yangu alimfungulia marehemu mke wangu kwa kuku, yeye baba alipokuwa hawezi kuamka. Ningeweza kukufungulia tangu Sosthenes alipoondoka."

Veronika alisahau adabu, nusura ageuke. "Na kwa nini hukufungua?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, baba?"

"Ukishaweza kunisemesha, utanieleza habari za mwanangu. Zote. Na mimi sina magoti ya kukimbilia."

Kesho yake Tumpe aliitwa awe shahidi. Mzee alitoka akishika ukuta, akamkabidhi Veronika kuku jike, na kwa mara ya kwanza wakatazamana. Veronika aliona mzee ana macho ya Samwel, akasikitika kwamba macho mazuri hivyo yalimwendea mtu asiyestahili. Tumpe akapiga vigelegele, kisha akasema, "Kumbe ni kuku mmoja tu aliyekuwa anatuzungusha nchi nzima!"

Mzee mwenyewe alimpigia mwanawe. "Usije na gari," alisema. "Ukitaka kuja, njoo usalimie, na mkeo, mama Regina, umpe shikamoo ya leo na ya miaka iliyopita."

Veronika naye alimpigia Tekla kumwambia kwamba amechagua darasa lake, daraja la kwanza, ataanza baada ya Pasaka.

"Mzee amekubali?"

"Amekubali mikono yote. Ya kugusa naianza leo, hiyo nyingine nitaifuata kwako, kwa ajili yangu."

Jioni akaiteremsha dawa dirishani, akapiga magoti, akaanza kuchua. Alianza simulizi taratibu, kuanzia siku ya posa, na mikono nayo ikaenda taratibu. Alipofika Mgololo, vidole vilikuwa vimefika mfupani.

"Polepole, mama Regina," mzee akalia. "Hilo goti ni langu, si la Samwel."

"Najua, baba," Veronika akasema, akiongeza dawa. "Nipe la pili. Bado hatujafika mambo ya mwaka jana."