Mfuga Matumbawe wa Masama

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Kwa Sadala, nimeinama nachagua ndizi. Muuza mkaa alimtangaza kwa jina alilojulikana nalo kila mahali: "Yule mzee wa mawe amefariki." Nikasimama, nikasema pole bila kujua nampa nani, kisha nikaondoka nikaziacha ndizi nilizokwisha kuzilipia. Msomaji wangu, sitakudanganya kwamba marehemu alikuwa mpole na mcheshi kwa watu wote. Wafu wengi hugeuka hivyo mara tu wakishafunikwa shuka. Huyu alikuwa mbishi, mchoyo wa maneno, na aliwahi kuniambia kuwa safu hii ya gazetini inafaa zaidi kufungia vitumbua. Nilimpenda sana, na nimekasirika kwamba amekufa.

Alikuwa fundi umeme wa kiwanda kimoja mjini Moshi, mpaka kiwanda kilipobinafsishwa na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani na kiinua mgongo. Wenzake walinunua mabasi madogo, wengine wakafungua baa. Yeye alinunua vioo, akaunda tangi refu sebuleni kwake Masama, migomba ikichungulia dirishani, akalijaza maji ya bahari yaliyoletwa kwa basi kutoka Tanga ndani ya madumu. Mkewe alitumaini samaki wa kukaanga. Kumbe yalikuja matumbawe: vipande vilivyovunjika, alivyopewa na jamaa mmoja aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kwenda Ulaya. Tumbawe, alinifokea siku ya kwanza, si jiwe. Ni mnyama anayejijengea nyumba ya mawe kwa chokaa anayoipata majini, na ndani ya nyama yake amepangisha vijimea vidogo vinavyomlisha kwa mwanga. Maji yakiwa masafi, mwanga mkali na joto halipandi wala kushuka, hukua na kung'aa zambarau, kijani, waridi. Maji yakishiba uchafu wa vyakula, vijimea huzaana ovyo na mnyama hugeuka rangi ya kahawia. Basi alinunua maji ya betri, yaliyochujwa kila uchafu, kwa wingi hadi vijana wa kituo cha mafuta wakadhani ana malori, na chokaa aliikoroga kwenye ndoo, akaiacha itulie, akayadondosha yale maji maangavu ya juu tone kwa tone kwa mpira wa dripu ya hospitali.

Dripu hiyo ndiyo iliyomponza. Nilikuwepo siku mama yake mdogo alipopanda kutoka Kahe kumsalimia. Bibi yule alisimama mbele ya tangi, akautazama mpira unavyodondosha, akashika kiuno.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Huyu mgonjwa hajala siku ngapi?"

"Hakuna mgonjwa hapa, mama."

"Umemtundikia dripu, halafu unaniambia si mgonjwa?"

Rafiki yangu akaenda jikoni kuagiza chai. Sasa, kwetu mgonjwa haangaliwi mikono mitupu, na dawa ya kwanza ya mgonjwa ni mtori. Bibi alikuwa na mtori kwenye chupa ya chai, wa ndizi zilizopondwa zikalainika, na mafuta ya ng'ombe juu, ambao bila shaka aliukusudia kwa watu. Aliumimina wote tangini, taratibu, huku akisema, "Kunywa, baba, upate nguvu." Mwenye nyumba aliporudi alikuta mafuta yanaelea juu ya maji. Lakini ni nani Uchaggani atamfokea dada wa mama yake kwa kosa la kumlisha mgonjwa? "Ahsante, mama," alisema. "Ameshiba." Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa, na nilistahili.

Nusu ya matumbawe yalikufa wiki ile. Yaliyobaki yakawa kama maji yaliyooshewa kahawa. Nilirudi na ushauri mwingi kama kawaida yangu: ongeza taa, badilisha pampu, tia hiki, toa kile. "Rekebisha kitu kimoja," alinijibu. "Kisha kaa chini wiki mbili uangalie. Wewe hujui kukaa, ndiyo maana unaandika." Ilichukua zaidi ya mwaka zambarau kurudi. Katika muda huohuo mimi nilikuwa nimefuga kuku wa kisasa, nimeuza mitumba na nimekodi shamba la vitunguu, vyote nikaviacha njiani. Sikuwa peke yangu. Bei ya kahawa ilianguka, watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya, msimu uliofuata wakang'oa nyanya wakasikiliza mtu mwingine kutoka mjini. Soko huria lilitufundisha kukimbia, na nadhani wengi wetu hatukuuliza tunakwenda wapi. Yeye kila siku saa kumi alasiri alipima maji yake. Hofu yake ilikuwa moja tu, na aliirudia kila tulipoonana: "Siku nikifa, hawa hawafiki jioni ya pili. Mama watoto atang'oa waya kabla sijapoa." Nami niliamini, maana mama huyo alilalamikia chumvi kwenye mapazia yake miaka kumi mfululizo.

Tulimzika Julai, baridi ya kukata masikio. Ibada haijafika katikati, umeme ukakatika. Palikuwa na jenereta moja, la kukodi, kwa ajili ya vipaza sauti, na waliopangwa kutoa salamu za rambirambi walikuwa kumi na wanne. Jenereta likawashwa, mshereheshaji akasema "haloo, haloo," na hapo mjane akainuka kwenye kiti chake, akamfuata fundi wa jenereta, akamwonyesha dirisha la sebule.

"Pitisha waya humo. Pampu kwanza, halafu kipasha joto."

"Mama, na mchungaji?"

"Mchungaji ana mapafu."

Shemeji yake mmoja alimshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba vile vitu vimekwisha pamoja na mwenyewe, apumzike. Mjane alimtazama. "Nimeyachukia miaka kumi," alisema. "Unafikiri unaweza kuchukia kitu miaka kumi usijue kinavyoishi?" Mchungaji akahubiri kwa sauti yake mwenyewe, na ndiyo ibada ya maziko fupi kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Walimu wangu wa dini wanisamehe, nilimshukuru Mungu.

Niliingia sebuleni baada ya kaburi kufunikwa, mdomo umejaa maneno ya faraja niliyoyatunga njiani. Matumbawe yalikuwa yamefunguka, zambarau tupu. Mjane alikuwa amepiga goti, bado na nguo zake za msiba, anasoma kipimajoto. Saa ya ukutani ilikuwa kumi kamili. Nilipoanza kusema alininyooshea ndoo bila kugeuka. Ndugu zangu, tunawasifia sana wafu wetu kwa sababu sifa haichoshi mikono. Ukimpenda kweli aliyeondoka, funga mdomo, uulize kazi yake ya saa kumi ilikuwa ipi, halafu uifanye.